Wafanyakazi wazoefu wanavyozifungulia kampuni za Mombasa bara soko la ng'ambo

Kampuni yenye karakana Changamwe haihitaji kusafiri mbali ili kulifikia soko la dunia. Kituo cha pili cha makasha cha bandari ya Mombasa, kilichofunguliwa Kipevu mwaka wa 2016, kiko upande huo huo wa bara. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Moi uko Port Reitz, mwendo wa dakika chache, na reli ya kisasa hushusha na kupakia mizigo katika eneo hilo. Hata hivyo, si chache kampuni za Changamwe, Kisauni na Likoni ambazo huuza bidhaa zake Kongowea na Nairobi pekee, huku meli zikipita mbele ya macho yao.

Umbali, kwa hivyo, si kikwazo. Wala mara nyingi tatizo si ubora wa bidhaa. Kinachokosekana ni mtu ambaye amewahi kuifanya kazi hiyo kwingineko: aliyewahi kujadiliana bei na mnunuzi asiyemfahamu, kupeleka shehena, kukataliwa shehena, na hatimaye kulipwa. Kampuni inayomwajiri mtu wa aina hiyo hupunguza gharama ya kujifunza, kwa kuwa makosa ya mwanzo yalikwisha kulipiwa na mwajiri aliyetangulia.

Ujuzi wenyewe ni wa aina gani? Tuanze na bei. Fundi wa samani wa Kisauni anapoulizwa bei na mnunuzi wa Hamburg, hutaja bei ya dukani na kuongeza kidogo. Mzoefu huuliza kwanza bei hiyo inaishia wapi. Je, ni bei ya mlangoni mwa karakana, bei ya bidhaa ikiwa tayari imepakiwa melini Kilindini (ambayo wafanyabiashara huiita FOB), au bei ya kumfikishia mnunuzi bandarini kwake pamoja na nauli na bima? Kati ya bei ya kwanza na ya pili kuna lori, kufukiza, kreti, ada za bandari na malipo ya wakala wa forodha. Kampuni isiyoyahesabu hayo huweza kuuza kasha zima na kugundua baadaye kwamba imepata hasara.

Baada ya bei huja stakabadhi. Ankara, orodha ya upakiaji, hati ya shehena na cheti cha asili ya bidhaa sharti ziwiane. Mnunuzi anapolipa kupitia dhamana ya benki, benki husoma karatasi, haisomi bidhaa. Jina la mnunuzi likiandikwa kwa namna moja kwenye ankara na kwa namna nyingine kwenye hati ya shehena, malipo huweza kusimamishwa hata kama mzigo umefika salama. Cheti cha asili nacho kina mambo yake: kile cha kawaida hutolewa na Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda, ilhali vyeti vya Jumuiya ya Afrika Mashariki na COMESA, vinavyomwondolea mnunuzi wa Uganda au Zambia mzigo wa ushuru, hutolewa na idara ya forodha ya Mamlaka ya Ushuru (KRA). Anayekosea cheti humfanya mteja wake alipe ushuru ambao hakupaswa kuulipa, na mteja huyo harudi.

UJUZI ULIOTOKA TANGANYIKA

Mfano mkongwe zaidi wa jambo hili katika Mombasa bara ni biashara ya vinyago ya Changamwe. Chimbuko lake linajulikana. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, mwanamume wa Wamunyu katika Ukambani, Mutisya Munge, alijikuta Tanganyika, ambako alijifunza uchongaji kutoka kwa Wazaramo. Alirejea kwao baada ya vita na ujuzi huo mikononi. Hakuna kampuni iliyomwajiri. Lakini kile alichokileta kilienea kwa jamaa na majirani, na Wamunyu ikawa kitovu cha wachongaji.

Ikumbukwe kwamba Wakamba walikuwa wachongaji wa vifaa vya nyumbani tangu zamani. Jipya lililoletwa na Mutisya lilikuwa kinyago cha kuuzwa, kilichochongwa kwa kuzingatia mgeni atakayekinunua. Kufikia miaka ya 1950 biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kumvutia mwanauchumi Walter Elkan, aliyechapisha mwaka wa 1958 utafiti kuhusu biashara ya vinyago Afrika Mashariki. Wachongaji wengi walikuwa wamehamia miji iliyokuwa na wageni na bandari, na mwaka wa 1963 chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kikaanzishwa Changamwe. Chama hicho kimekuwa kikiuza kwa watalii wanaokitembelea na kwa wanunuzi wa ng'ambo.

Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Mtalii hununua twiga mmoja na kumbeba mkobani. Mnunuzi wa ng'ambo huagiza twiga mia tano wa kimo kimoja, rangi moja, wasiopasuka. Hapo ndipo mzoefu anapohitajika. Mti uliochongwa ukiwa mbichi huwa mzuri machoni Changamwe, penye hewa yenye unyevu wa bahari. Ukiwekwa katika nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi, hukauka ghafla na kupasuka. Mdudu aliyejificha ndani hutoka akiwa ghalani mwa mnunuzi. Mtu aliyewahi kuona shehena ikirudishwa kwa sababu hizo hamwachii mchongaji amalize kazi kabla ya kuuliza mti ulikatwa lini.

Kreti yenyewe ina sheria yake. Kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka wa 2002, mbao za kufungia mizigo sharti zitibiwe, kwa mfano kwa kupashwa joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, kisha zipigwe muhuri unaotambulika. Kinyago kinaweza kuwa safi na bado shehena ikazuiliwa kwa sababu ya ubao wa shilingi hamsini.

Kuna pia suala la miti. Muhugu na mpingo, iliyopendwa na wachongaji kwa ugumu na rangi yake, ilipungua sana, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya uhifadhi yakawahimiza wachongaji wa Pwani wageukie mwarobaini, unaokua haraka na kupatikana mashambani. Mnamo Januari 2017, mpingo uliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES pamoja na jamii nzima ya miti inayohusiana nao. Kuanzia Novemba 2019, bidhaa zilizokamilika zenye mti huo zikaruhusiwa bila kibali hicho iwapo uzani wa mti katika shehena hauzidi kilo 10. Karani anayelifahamu jambo hilo huokoa wiki kadhaa za kusubiri. Asiyelifahamu huenda akapoteza mzigo.

UZOEFU WA KIWANDANI NA UZOEFU WA SOKO

Mfano wa pili ni wa nguo. Sheria ya maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje (EPZ) ilipitishwa mwaka wa 1990, lakini viwanda vya mavazi vilianza kufurika baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwezi Mei mwaka wa 2000, iliyoruhusu nguo za Kenya kuingia huko bila ushuru. Kufikia mwaka wa 2004 viwanda vya mavazi vya EPZ nchini vilikuwa vimeajiri zaidi ya watu 30,000, na Mombasa ilipata sehemu yake katika ukanda wa Changamwe, Mikindani na Miritini. Maelfu ya wanawake na wanaume, wengine wakivuka kwa feri kutoka Likoni alfajiri, walijifunza kushona kwa viwango vya maduka makubwa ya Marekani.

Walijifunza nini hasa? Walijifunza kuhesabu dakika za kila mshono. Walijifunza kupima kola na mkono kwa kipimo kisichobadilika kutoka fulana ya kwanza hadi ya elfu kumi. Walijifunza kwamba sindano ikivunjika, cherehani husimama mpaka vipande vyote vipatikane na kubandikwa kwenye daftari, kwa kuwa kipande kimoja ndani ya nguo ya mtoto chaweza kumfikisha mnunuzi mahakamani. Cherahani nyingi za mtaani hazijawahi kusimamishwa kwa sababu kama hiyo.

Hata hivyo, kuna jambo walilonyimwa. Wenye viwanda wengi walikuwa wawekezaji kutoka Asia, na mameneja wa ngazi za juu walitoka Sri Lanka, India, China na Taiwan. Oda zilipokelewa na bei zikajadiliwa katika makao makuu huko huko ng'ambo. Vitambaa navyo viliagizwa na ofisi hizo. Msimamizi Mkenya aliujua mstari wa cherehani kama kiganja chake, lakini hakuwahi kumwona mnunuzi wala kujua fulana aliyoisimamia iliuzwa kwa bei gani.

Tofauti hii ndiyo inayopuuzwa zaidi na waajiri. Kuna uzoefu wa kiwandani na kuna uzoefu wa soko, na mtu anaweza kuwa na mmoja bila mwingine. Karakana ya Likoni ikimwajiri aliyekuwa msimamizi wa ubora katika EPZ, itapata bidhaa inayostahili kuuzwa ng'ambo. Haitapata mnunuzi. Kwa mnunuzi, itahitaji mtu mwingine: aliyekuwa ofisi ya mauzo, aliyejibu barua pepe za wateja, aliyehudhuria maonyesho ya biashara, anayejua ni nani hununua nini na mwezi gani. Oda za Krismasi, kwa mfano, hujadiliwa miezi mingi kabla ya Desemba, na anayebisha hodi Oktoba hukuta rafu zimejaa.

Tarehe 1 Januari 2005 mfumo wa kimataifa wa kugawia nchi viwango vya nguo ulikoma, bidhaa za China zikafurika, na baadhi ya viwanda vya Kenya vikafungwa. Walioachishwa kazi walirudi mitaani na ujuzi wao. Wengi wao waliishia kufanya vibarua visivyohusiana kabisa na walichojifunza, na hiyo ni hasara isiyoonekana katika hesabu za mauzo ya nje. AGOA yenyewe, iliyorefushwa mwaka wa 2015, ilifikia kikomo chake tarehe 30 Septemba 2025, na wasiwasi uliotanda viwandani kabla ya siku hiyo ulionyesha jinsi ilivyo hatari kulitegemea soko moja na ofisi ya mauzo iliyo mbali.

Bangladesh ilifuata njia tofauti, na kisa chake kinafaa kusimuliwa. Mwaka wa 1979 kampuni ya Desh, ambayo haikuwa imewahi kuuza shati moja ng'ambo, iliwatuma wafanyakazi na wasimamizi 130 kwenda Korea Kusini kufunzwa katika kiwanda cha Daewoo mjini Pusan. Walifunzwa ushonaji na pia usimamizi, ununuzi wa vitambaa, uuzaji na namna ya kushughulika na benki. Katika miaka ya 1980, watu 115 kati ya hao 130 waliondoka Desh, ama kuanzisha kampuni zao ama kuajiriwa na nyingine. Kwa Desh huo ulikuwa mkosi. Kwa Bangladesh ulikuwa mwanzo wa sekta iliyoifanya nchi hiyo kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani.

WATAFITI WANASEMAJE

Wanauchumi wamelichunguza jambo hili kwa kutumia rekodi za waajiriwa wanaohama kutoka kampuni moja hadi nyingine. Katika utafiti kuhusu Ureno uliochapishwa mwaka wa 2014, Giordano Mion na Luca David Opromolla walionyesha kwamba kampuni zinazowapata mameneja waliofanya kazi katika kampuni zinazouza nje huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza kuuza nje zenyewe. Muhimu zaidi, uzoefu unaosaidia sana ni ule wa soko mahususi. Meneja aliyezoea kuuza Angola huifaa kampuni inayotaka kuingia Angola kuliko inayotaka kuingia Ujerumani. Mameneja hao pia hulipwa mishahara minono kuliko wenzao, ishara kwamba waajiri wanajua wanachokinunua.

Danielken Molina na Marc-Andreas Muendler nao, wakiichunguza Brazil, walibaini mwaka wa 2013 kwamba kampuni huanza kuwaajiri watu waliotoka kwa wauzaji wa nje kabla hazijauza chochote. Kwa maneno mengine, mzoefu hutangulia, shehena hufuata. Hizi ni nchi zenye soko kubwa la ajira rasmi, na haitarajiwi kila kitu kifanane na Mombasa. Lakini mkondo wenyewe si mgeni kwa anayeifahamu Changamwe.

Kisauni ina mfano wake. Karakana za Bombolulu, zilizo kando ya barabara ya kwenda Malindi katika eneo ambalo sasa liko chini ya eneobunge la Nyali, zilianzishwa mwaka wa 1969 na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini (APDK). Mafundi wake hutengeneza mapambo, nguo, bidhaa za ngozi na vinyago, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiuza kwa mashirika ya biashara ya haki ya ng'ambo. Mapambo ya shaba yanaonekana kuwa kitu chepesi, ila Umoja wa Ulaya uliweka masharti kuhusu nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi tangu mwaka wa 1994, na kuhusu madini ya risasi katika mapambo kuanzia mwaka wa 2013. Kila kanuni mpya humhitaji mtu wa kuisoma na kumweleza fundi kwa lugha anayoielewa ni waya upi usitumike tena.

GHARAMA NA HATARI ZAKE

Mzoefu si wa bei rahisi, na kampuni ndogo ina haki ya kusita. Mshahara wa meneja mmoja wa mauzo ya nje unaweza kulingana na wa mafundi kadhaa, na kwa kawaida miezi mingi hupita kabla ya oda ya kwanza kulipwa. Baadhi ya wenye kampuni hujaribu kukwepa gharama hiyo kwa kumwachia wakala wa forodha kila kitu. Hilo ni kosa. Wakala huutoa mzigo bandarini. Hatafuti mnunuzi, hapangi bei, wala hachunguzi kama mti ni mkavu.

Njia ya kati ipo. Kampuni tatu au nne zisizoshindana zinaweza kumwajiri mtu mmoja kwa siku tofauti za wiki. Chama cha ushirika kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa niaba ya wanachama. Wapo pia wastaafu wa kampuni za meli, maghala ya chai na mashirika ya ukaguzi ambao wangekubali kazi ya siku mbili kwa wiki. Mombasa, ambayo mnada wake wa chai umekuwa ukifanyika mjini humo tangu mwaka wa 1969, haijapungukiwa na watu waliozeeka katika stakabadhi za shehena. Aidha, Shirika la Kukuza Mauzo ya Nje na Nembo ya Kenya (KEPROBA), lililoundwa mwaka wa 2019 kwa kuunganisha Baraza la Kukuza Mauzo ya Nje na Bodi ya Brand Kenya, lina jukumu la kuwasaidia wauzaji wapya.

Hatari nyingine ni kwamba mzoefu huweza kuondoka na wateja. Waajiri wengi hukimbilia kuandika kwenye mkataba kwamba mfanyakazi haruhusiwi kufanya kazi kwa mshindani. Kenya ina sheria inayohusu mikataba ya kuzuia biashara, na chini yake Mahakama Kuu inaweza kulibatilisha sharti la aina hiyo ikiona halina uhalali kutokana na muda, eneo au maslahi ya wahusika. Sharti la miaka kumi kwa Afrika Mashariki nzima ni karatasi tu. Kinachofaa zaidi ni kuhakikisha mawasiliano yote na wateja yako katika anwani ya kampuni na si katika simu ya mtu mmoja, na kwamba kuna mfanyakazi wa pili anayejifunza kando yake tangu siku ya kwanza.

Kwa upande wa mfanyakazi, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi kila aliyefanya kazi kwa majuma manne mfululizo au zaidi. Cheti hicho hutaja aina ya kazi na tarehe; hakimlazimishi mwajiri kueleza tabia wala umahiri. Msimamizi aliyesafirisha makasha mia moja kwenda New York huweza kuondoka na karatasi inayosema "karani". Anayetafuta kazi afadhali ajiandikie mwenyewe, angali kazini, orodha ya bidhaa alizoshughulikia, nchi zilikokwenda, na stakabadhi alizozijaza kwa mkono wake, bila kutoa siri za bei za mwajiri.

Mwajiri naye ana maswali ya kumtofautisha mzoefu na mwenye maneno mengi. Amwombe aeleze, hatua kwa hatua, shehena ya mwisho aliyoisafirisha. Amuulize ni shehena ipi iliyoharibika na ilikuwaje. Aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mitano bila tatizo lolote huenda hakuwa karibu na kazi yenyewe. Amuulize pia mteja alilipaje, na ilichukua siku ngapi. Majibu ya maswali haya hayawezi kukaririwa.

Likoni ndiyo inayosubiri zaidi. Dongo Kundu ilitengwa kuwa eneo maalum la kiuchumi chini ya sheria ya mwaka wa 2015, na barabara ya kuunganisha Miritini na Pwani ya kusini kupitia huko ilikamilika mwaka wa 2024. Wawekezaji watakaojenga viwanda huko watakuja na mameneja wao, kama walivyofanya wale wa EPZ. Wakazi na viongozi wao wana nafasi ya kudai, kabla ya mikataba kutiwa saini, kwamba ofisi za mauzo na ununuzi ziwe na Wakenya wanaojifunza, na si mistari ya uzalishaji pekee. Kwa sasa, fundi wa Likoni aliyepata ujuzi wake katika viwanda vya Miritini anaweza kufika huko kwa barabara bila kupanga foleni ya feri.